Uzi Mweusi
Safu: Upepo wa Milimani
Na Mwanaidi Shemkai

"Mlikuwa wapi siku zote?" Aliyewahi kupeleka mgonjwa kituoni huku Lushoto analijua swali hilo. Nililisikia tena mwezi uliopita, katika kituo ambacho sitakitaja. Bibi mmoja alikuwa na mjukuu mgongoni, kanga imelowa ukungu. Muuguzi wa mapokezi akauona uzi mweusi kwenye mkono wa mtoto, akamgeukia mwenzake: "Hawa nao! Mpaka mganga ashindwe ndiyo watukumbuke." Bibi akaufunika uzi kwa kiganja. Alipoulizwa mtoto ameanza lini kuumwa, akajibu, "Jana."

Daftari likaandikwa jana. Kwenye benchi aliniambia ni siku ya nne, na kwamba mtoto ameshanyweshwa dawa ya mizizi.

Tunahubiri sana juu ya imani potofu za wanakijiji. Semina hazihesabiki, na soda juu. Imani ya anayehudumia je? Naye anaamini jambo: kwamba mtu wa mlimani hajui kitu, hivyo hana la kuulizwa. Imani hiyo imeandika tarehe ya uongo kwenye daftari la serikali.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti huku miaka ya 1960, aliandika kuhusu kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Kwa Wasambaa wa zamani mvua, shibe na uzima wa watu havikutenganishwa. Mpaka leo mtu akiugua ndugu hukaa kikao: shangazi ana neno, mjomba ana neno, na nauli inatoka humo humo. Ukilidharau baraza hilo, usishangae dozi ikiishia njiani.

Wenye umri wangu tunaikumbuka tauni. Ilizuka wilayani Lushoto mwaka 1980, ikawa inarudi tena na tena. Hadi 2004 wagonjwa walikuwa wamepita 7,000. Tauni inatibika kwa antibayotiki, ila haitaki kucheleweshwa. Inamtaka mtu aseme upesi kwamba ana mtoki, kwamba panya wanakufa darini, kwamba watoto wanalala chini na viroboto wanawatafuna. Nani atayasema hayo mbele ya mtu anayesubiri kumwita mchafu? Mimi nisingesema.

Zamu ya bibi ilipofika niliingia naye, kwa kuwa Kiswahili chake ni cha kuungaunga. Tabibu alikuwa kijana, si wa huku. Alimsalimia "Onga makeo" kwa lafudhi ya kuchekesha, na bibi akacheka kweli. Uzi akauona, akaupisha, akaendelea kupima. Kisha akauliza, kama anayeuliza bei ya viazi, nyumbani wamempa mtoto nini.

Bibi alinitazama kwanza. Halafu akafungua pindo la kanga, akatoa kipande cha mzizi, akakiweka mezani.