BANDO IKIISHA, UTAIMBA NINI?



Kuna usemi umeingia makanisani: kununua CD ni ushamba, kila kitu kiko YouTube. Mimi nasema HAPANA!

Mwalimu uliye Dadaab, dada nesi uliye Ijara, mnajua hali ya huku kwetu. Ni mara ngapi al-Shabaab wamelipua milingoti ya simu Garissa, Wajir na Mandera? Mtandao ukipotea, nyimbo zako zinapotea nao. CD na flashi hazingoji mlingoti.

Rose Muhando hakuingia nyumba zetu kwa bando. Aliingia kwa kaseti na CD. Mtu alitoa pesa mfukoni, akarudia albamu nzima mpaka watoto wakaishika. Leo unasikiza nusu wimbo, programu inakurushia mwingine. Nani anakuchagulia sifa, Roho Mtakatifu au programu?

Utasema mtandao umekuonyesha waimbaji wapya. Amina, wasikize! Lakini ukisikiza mara moja, mwimbaji anapata senti tu. Soma Luka 10:7 kuhusu ujira wa mtenda kazi. Anakuja kanisani, tunampigia makofi, kisha tunamwacha na CD zake mezani. Huo ni ubahili!

Katika Kumbukumbu la Torati 31:19 Musa aliagizwa auandike wimbo, awafundishe Israeli, ukae vinywani mwao. Wimbo wa kukaa, si wa kupita!

Wiki hii nunua albamu moja halali, uifundishe nyumbani. Bando ikiisha, sifa zisiishe.

Andika AMINA kama umepokea.