Saa ya Kompyuta na Maji ya Ndiva

Muulize mjuzi wa kompyuta mjini Same saa ya kompyuta yako ichukue wakati kwenye seva ipi. Huenda akakwambia: tafuta ya daraja la kwanza, tena iliyo karibu. Ushauri huo umezoeleka mno, nami naupinga kwa yote mawili.

Tuanze na ukaribu. Seva haikupi saa ya kwao. Iwe Nairobi au London, zote hutoa wakati mmoja wa dunia, UTC, na kompyuta yako ndiyo huongeza saa tatu zetu. Ikikosea saa tatu kamili, rekebisha ukanda wa saa. Seva haina kosa. Umbali nao una dawa yake. NTP, utaratibu aliouasisi Mmarekani David Mills miaka ya 1980, hupima muda ambao ujumbe umetumia kwenda na kurudi, kisha hufidia nusu yake. Safari ya Ulaya ikichukua milisekunde 200, kosa la njia haliwezi kuzidi milisekunde 100, yaani sehemu ya kumi ya sekunde. Nyumbani Hedaru au Mwanga, hiyo yatosha kabisa.

Seva ya daraja la kwanza hushikamana na saa ya atomu au kipokezi cha GPS. Ni sahihi, sikatai. Lakini Upareni twajua namna ya kutumia chanzo cha wengi: ndiva hukusanya maji ya kijito, kisha hufunguliwa kuelekea mashambani kwa zamu. Hakuna anayepanda na jembe lake kujichimbia mfereji kwenye chemchemi. Kwenye saa, kosa hilo limewahi kufanyika: mwaka 2003, ruta za nyumbani zilizotoka kiwandani na anwani ya seva moja ya Chuo Kikuu cha Wisconsin ziliielemea kwa maombi yasiyokoma.

Ndiva ya saa ipo. Ni pool.ntp.org, iliyoanza mwaka huohuo wa 2003, ambamo watu na taasisi hujitolea seva zao. Andika 0.africa.pool.ntp.org, kisha 1, 2 na 3. Idadi hiyo ndiyo kiini cha hoja yangu. Seva moja ikidanganya, hata iwe ya daraja la kwanza, utadanganyika nayo. Zikiwa mbili zikapingana, hujui ya kweli ni ipi. Zikiwa nne, mwongo hujulikana na kuachwa.

Kuna tatizo ambalo seva haitibu. Umeme ukikatika na kurudi, ukakuta kompyuta inaonyesha tarehe ya miaka iliyopita, tovuti nyingi zitagoma kufunguka, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vitaonekana bado havijaanza kutumika. Hapo betri inayoendesha saa kompyuta ikizimwa imekwisha: nunua nyingine ndogo ya CR2032, ibadilishe, weka tarehe kwa mkono, ndipo uiachie pool kazi iliyobaki.