"Acheni afe"? Na sisi walimu watarajiwa tunacheka!

Nilikuwa kimya kwa sababu ya testi mfululizo, nikasema nikirudi nitaandika kitu chepesi, labda habari za boom na foleni ya kantini. Lakini juzi pale kwenye vimbweta limesemwa jambo limenikaa kooni, bora nilitoe.

Ulikuwa ubishi wa kawaida tu, mpira, siasa, halafu ukahamia kwa mateja wa pale stendi. Jamaa mmoja, mwaka wa tatu, ualimu kama mimi, akasema: "Teja akizidisha dozi acheni afe, kwani taifa linapungukiwa nini?" Watu wakacheka. Siyo wawili watatu, karibu kila aliyekuwepo. Mwakani huyo bwana anakabidhiwa darasa la watoto sitini, na katika hao sitini yupo ambaye kaka yake anakula unga, tena usidhani ni mmoja tu.

(Natumia neno teja kwa sababu ndilo la mtaani na ndilo lililotumika siku ile. Ukienda kwa wenyewe walioacha watakwambia waite waraibu, na wana haki.)

Hoja yake kubwa ilikuwa "amejitakia". Sawa, tuipime. Dereva wa bodaboda aliyepita taa nyekundu bila helmeti naye amejitakia, mbona tunambeba mbio hospitali? Mzee mwenye kisukari anayekunywa soda mbili kwa siku amejitakia, mbona hatumwambii nesi amwache? Ukianza kugawa huduma kwa kuangalia nani amejitakia, jamani, wodi zitabaki na vichanga peke yao. Tatizo si kujitakia. Tatizo ni kwamba teja tumeshamtoa kwenye hesabu ya watu, kwa hiyo kifo chake hakituulizi swali.

Na hapo ndipo ninapotaka kubishana hasa, kwa sababu kifo cha kuzidisha dozi ni kifo chenye mashahidi. Heroini inaenda kwenye sehemu ya ubongo inayouamrisha mwili upumue. Ikizidi, pumzi zinapungua, zinapungua, mpaka zinakata. Mara nyingi hazikati papo hapo, inaweza kuchukua dakika nyingi, hata saa moja na zaidi. Na mara nyingi mtu hayuko peke yake, yuko maskani na wenzake, au yuko chumbani na mama yake yuko uani anafua. Yaani muda upo na watu wapo. Kinachokosekana ni mtu anayejua anachokiona.

Watu wanaona nini? Wanaona mtu amelala anakoroma. Wanasema mwacheni, anabembea, atazinduka mwenyewe. Lakini ule mkoromo mzito wenye mapovu kooni si usingizi, ni njia ya hewa inaziba. Ukimwita haitikii, ukimsugua kwa nguvu mfupa wa kifua kwa konzi hashtuki, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, midomo na kucha zimekuwa za kijivu au bluu... huyo anakufa mbele yako. Wenye nia njema watammwagia maji baridi, watampiga makofi, watamnywesha maziwa. Maziwa! Mtu asiye na fahamu ukimnywesha kitu kinaingia kwenye mapafu, umemmalizia. Anachohitaji ni hewa. Muinue kidevu, mbane pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila baada ya sekunde tano hivi, huku mwingine anatafuta bajaji ya kumkimbiza hospitali. Akianza kupumua mlaze kwa ubavu ili akitapika asipaliwe. Na usimwache peke yake. Hiyo ni elimu ya dakika kumi. Mimi niko chuo mwaka wa tatu na hakuna mwalimu hata mmoja, tangu shule ya msingi, aliyewahi kunifundisha.

Halafu ipo dawa. Inaitwa naloksoni. Inaisukuma heroini itoke pale ilipojishikiza kwenye ubongo, na ndani ya dakika chache mtu anarudi kupumua. Inachomwa sindano, na ipo pia ya kupuliza puani. Haileweshi, haina uraibu, na ukimpa kwa makosa mtu ambaye hakutumia heroini haimdhuru. Angalizo moja, nguvu yake inaisha baada ya nusu saa mpaka saa moja na nusu hivi, kwa hiyo hospitali bado lazima, anaweza kuzama tena. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba dawa hii ifike kwa watu wanaoweza kumkuta mtu amezidisha, maana yake rafiki, ndugu, wahudumu wa mitaani, wala si daktari peke yake. Kule Chicago kikundi cha mtaani kilianza kuwagawia watumiaji wenyewe tangu 1996, bila kusubiri wakubwa wakubaliane. Scotland walifanya mpango wa nchi nzima mwaka 2011, mpaka mfungwa anayetoka jela anaweza kupewa aondoke nayo mfukoni. Huku kwetu mtaani mimi sijakutana na mama hata mmoja mwenye mtoto teja aliyewahi kuisikia.

Mtaniambia, si mtawapa moyo wa kubwia zaidi? Wanaosema hivyo hawajawahi kuona arosto. Naloksoni inamrudisha mtu moja kwa moja kwenye arosto: kutapika, jasho, mifupa inauma kama inapasuka. Hakuna teja duniani anayezidisha dozi makusudi ili apate raha hiyo.

Sasa niguse ambako najua wengi mtanikasirikia. Tunapenda sana "operesheni". Februari 2017 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alisoma majina ya wasanii hadharani na nchi nzima ikawa inasubiri orodha ijayo kama tamthilia. Sina huruma na pusha mkubwa, afungwe. Lakini anayebebwa kwenye karandinga mara nyingi ni mwenye kete mbili mfukoni. Anakaa ndani miezi mitatu, mwili unasahau unga, halafu anatoka na anarudi kwenye kipimo chake kilekile cha zamani. Mwili wa zamani ulikuwa unakihimili, wa sasa hauwezi. Ndiyo maana wiki mbili za kwanza baada ya kutoka jela ni za hatari kuliko zote. Na wenzake wanaogopa kumpeleka hospitali kwa sababu wanajua wataulizwa na wao mlikuwa mnafanya nini. Wanamvuta mpaka kando ya barabara, wanakimbia. Hofu ya polisi inaua hapo, wala huitaji takwimu kulielewa hilo.

Soba hausi nazo nitazisema, ingawa naziheshimu. Zilianza kushika kasi Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 2000, zinaendeshwa na watu ambao wenyewe wametoka kwenye unga, na zimerudisha vijana wengi majumbani. Lakini mtu anamaliza miezi yake minne, familia inapika pilau, halafu basi. Jirani yetu alirudi hivyo, mnene, anaswali, kila mtu anamsifia. Siku ya tisa alikutwa chooni. Alikuwa hana kazi, hana wa kukaa naye mchana, kijiwe chake cha zamani kiko hatua hamsini kutoka mlangoni, na hakuna aliyemweleza kwamba sasa kete moja inatosha kumuua. Kumfundisha hilo kabla hajatoka wengine wanaona ni kumtabiria kurudi. Mimi naona kutomfundisha ni kumzika.

Tena msiniambie mambo haya ni ya Wazungu. Februari 2011 Muhimbili walifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya serikali kwa nchi za bara kusini mwa Sahara. Ikafuata Mwananyamala 2012, Temeke 2014, Kidongo Chekundu Unguja 2015, na leo zipo mpaka Mbeya, Mwanza na Dodoma. Mtu anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, arosto inakaa kimya siku nzima, anaweza kufanya kazi. Na waliojaza ile kliniki ya kwanza hawakuletwa na matangazo ya redioni. Waliletwa na asasi za mtaani, watu waliokuwa wanashinda maskani, wanaaminiwa, wanamshika mtu mkono mpaka mlangoni. Asiye na mtu wa hivyo hafiki. Angalia wanawake, wanafika wachache sana, kwa sababu mwanamke teja anatukanwa mara mbili na anajificha mara mbili.

Anayeanza methadoni inabidi aende kliniki kila siku. Kila siku nauli ya kwenda na kurudi, kwa mtu asiye na kibarua! Akikosa siku kadhaa anarudi mwanzo, au anarudi kwenye unga. Kwa hiyo ninaposema jamii isaidie sizungumzii makongamano na fulana. Nazungumzia nauli. Nazungumzia fundi gereji anayekubali kijana aingie saa nne badala ya saa mbili, imamu au mchungaji anayelitaja jina la marehemu msibani bila kuning'ong'ona, mjumbe wa nyumba kumi anayejua namba ya kliniki.

Na walimu. Tunafundishwa kuunda klabu za "sema hapana", mtoto anachora sindano yenye fuvu anapewa zawadi. Yule ambaye kaka yake anatumia anatoka hapo na aibu tu, na siku akimkuta kaka ana mapovu atafunga mlango aende shule.

Mimi nimeandika barua kwa viongozi wa darasa tuletewe muuguzi wa huduma ya kwanza kabla hatujaenda TP, atufundishe kupulizia na kumlaza mtu ubavu, hata kwa saa mbili za Jumamosi. Nimejibiwa kwamba inahitaji sahihi hamsini. Mpaka usiku huu ninazo kumi na moja. Jamaa wa "acheni afe" bado hajasaini, nimemwachia nafasi namba kumi na mbili. Karatasi iko kwa mlinzi wa bweni letu, mwisho Ijumaa saa kumi, njooni na kalamu zenu maana yangu imeisha wino.