Acheni Kupaka Silikoni kwa Madirisha ya Watu

Wacha niseme hii mapema ndio tusipotezeane wakati: fundi anayeshika tyubu ya silikoni kabla hata hajafungua mlango wa gari lako hajakutengenezea kitu. Amekuuzia muda wa kungoja mvua ingine. Na msee wa video anayekuonyesha kwa sekunde 40 jinsi ya "kumaliza kabisa" maji yanayoingia dirishani kwa konvatibo ni mbaya kuliko huyo fundi, kwa sababu fundi angalau unajua kibanda chake kiko wapi.

Najua kuna mtu ameshaanza: "Konvatibo? Hizo ni shida za mababi, sisi tuko kwa matatu." Hata mimi niko kwa matatu, bro. Lakini angalia vizuri ni nani anaendesha hizi gari za paa la kukunja hapa Nairobi. Nyingi si za bilionea. Ni gari kuukuu limepita mikono mitatu, na aliyelishika sasa ni kijana anayelikodisha kwa picha za graduation, birthday na video za wasanii. Hilo gari ndilo kazi yake. Likinuka ukungu, hana kazi.

Rafiki yangu ni mmoja wao. Alichukua mkopo wa chama, akanunua Mazda MX-5, ile Wajapani wanaita Roadster, ya viti viwili. Msimu wa mvua ndefu ulipofika, maji yakaanza kuingia. Fundi wa kwanza akapaka silikoni pale kioo kinapokutana na nguzo ya mbele. Wa pili akapaka juu ya ile ya wa kwanza. Wa tatu, manze, akapaka hadi kwa raba yenyewe, dirisha likawa linashuka likilia kama paka amekanyagwa. Pesa zilienda mara tatu na maji hayakuacha. Halafu dada mmoja aliyelipa nusu ya pesa za kupigwa picha na gauni lake la graduation akakaa kwa kiti kilichokuwa kimefuta maji kama sponji. Gauni ni la kukodisha pia. Nusu ya pili ya pesa haikulipwa, na marafiki zake waliokuwa wamebuki wiki hiyo wakafuta.

Sasa sikia tulichopata tulipoamua kutafuta wenyewe kabla ya kupaka kitu. Huku mbele, palipokuwa na silikoni za watu watatu, hapakuwa panavuja hata tone.

Gari la kawaida dirisha lake lina fremu. Kioo kinapanda kinaingia kwa mfereji wa chuma wenye raba, kinashikwa pande zote. Konvatibo haina hiyo. Kioo kinasimama peke yake hewani na kazi yake ni kuegemea raba iliyo kwa paa na kwa nguzo, kwa nguvu inayotosha, kila mahali sawa. Kikisimama milimita chache nje, au kikikosa kufika juu kabisa, kuna nafasi, na maji hayahitaji nafasi kubwa. Hiyo si shida ya tundu ati unaziba. Ni shida ya kioo kimekaa vibaya. Ndani ya mlango kuna bolti za kukirekebisha: za kuamua kinaishia wapi kikipanda, na za kukilaza kidogo ndani au nje. Fundi anayejua kazi anavua ile bodi ya ndani ya mlango, analegeza, anasogeza kidogo, anakaza, anapima tena. Ni kazi ya uvumilivu na spana, na haipendezi kwa kamera.

Kupima nako hakutaki mashine. Paka raba chaki ya darasani, funga mlango na dirisha taratibu, fungua, halafu soma mstari ulioachwa kwa kioo. Mahali mstari umekatika, hapo kioo hakigusi. Au weka karatasi nyembamba katikati ya kioo na raba, funga, uivute. Ikitoka bure bila kushikwa, umepata. Ya rafiki yangu ilikatika kwa kona ya nyuma juu, mbali kabisa na silikoni. Kuna wanaosema mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili hana haki ya kufunza watu mambo ya gari. Sawa tu. Chaki haikuulizi digrii.

Lakini hata hiyo kona haikuwa mwizi mkubwa, na hapa ndipo wale wa sekunde 40 wanaumiza watu zaidi. Kwa Roadster za vizazi viwili vya kwanza, zile za 1989 hadi 2005, maji ya paa la turubai yamepangiwa njia. Yanateremka nyuma, yanaingia kwa mfereji ulio chini ya ukingo wa paa, halafu yanatoka kwa matundu mawili nyuma ya viti, moja kila upande, yanamwagika chini ya gari. Yaani wahandisi walijua maji yataingia hapo. Waliyakaribisha na wakayapa mlango wa kutokea. Sasa egesha hilo gari chini ya mjakaranda Nairobi kuanzia Oktoba, maua ya zambarau yaanguke wiki baada ya wiki, yaoze, yachanganyike na vumbi. Ule mlango wa kutokea unaziba. Mvua ikija maji yanajaa, yanafurika, yanatiririka nyuma ya kiti hadi miguuni, na wewe ukiona unasema "dirisha linavuja." Tulitoa uchafu mweusi wa kujaza kikombe. Tulitumia ule uzi mnene wa plastiki wa mashine ya kukata nyasi, kwa upole, kwa sababu waya wa chuma unaweza kutoboa bomba na upepo wa kompresa unaweza kulichomoa mahali pake. Maji yakatoka chini, yakawa yanamwagika kwa lami kama kawaida. Bei yake ilikuwa mchana mmoja.

Mlango nao una siri yake. Maji huingia ndani ya mlango wa gari lolote, hata lako la paa la chuma, kwa sababu yanateremka kando ya kioo. Chini ya mlango kuna matundu ya kuyatoa, na nyuma ya bodi kuna karatasi ya plastiki iliyogundishwa kuyazuia yasije upande wako. Sasa niambie, ni nani anayefungua milango ya magari ya vijana hapa mjini kuliko wote? Fundi wa muziki. Anataka spika kubwa zikae, anapasua ile plastiki, anairudisha ikining'inia au anaitupa. Miezi baadaye kapeti ni kidimbwi na lawama inaenda kwa raba ya dirisha. Kama uliweka spika na maji yakaanza baadaye, anza hapo.

Kuna ya bure kabisa ambayo hakuna anayekuambia. Konvatibo nyingi za miaka ya karibuni hushusha kioo kidogo ukivuta mpini wa mlango, halafu hukipandisha ukifunga, ndio kijibane kwa raba. Ukichomoa betri, gari linaweza kusahau kioo kinaishia wapi, kikaishia njiani. Mara nyingi dawa ni kushikilia swichi kioo kikiwa juu kabisa kwa sekunde kadhaa, vile kitabu cha gari kinavyosema. Kuna watu wamewekewa silikoni kwa sababu ya hiyo.

"Lakini silikoni inashika maji ya bafu, kwani kwa gari kuna nini?" Kuna mlango unaofunguka, kaka. Bafu haliendi Thika Road. Silikoni ya gundi haikutengenezewa kioo kinachopanda na kushuka kila siku. Inachanika, na ikichanika inaacha utando ambao hakuna gundi nyingine itakayoushika vizuri, kwa hivyo fundi wa kweli akija anaanza kwa kukwangua. Sisi tulikwangua jioni nzima na kadi ya benki iliyokwisha muda. Na ile inayonuka siki? Hiyo harufu ni asidi, na asidi na bati la mlango si marafiki. Usichanganye pia na grisi ya silikoni, ambayo ni kitu kingine kabisa: hiyo unapaka kidogo kwa raba safi ili isikauke wala kung'ang'ania kioo, na inasaidia. Majina yanafanana na kazi ni kinyume. Mafuta ya kujipaka na oili chafu ya injini weka mbali. Raba nyingi za madirisha hazipendani na mafuta ya petroli, huvimba na kulegea.

Na raba ikishapasuka, imepasuka. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo Roadster ya 2003 unayoiona leo haikushuka Mombasa juzi. Imekula jua la hapa zaidi ya miaka 10, na Nairobi ikiwa zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, jua letu halichezi na raba. Tafuta nyingine. Mazda walifikisha gari la milioni moja la aina hii 2016, kwa hivyo spea si hadithi, hata kama italazimu uagize na ungoje. Ila chaki kwanza. Raba mpya kwa kioo kilichokaa vibaya inavuja ikiwa mpya.

Sasa nimtetee fundi kidogo, kwa sababu si haki kumtupia yeye mzigo wote. Mteja anafika saa nane, anataka gari saa kumi, anabishana hadi bei inafika mia tano. Mia tano inanunua nini? Inanunua silikoni. Hainunui saa tatu za mtu kukaa ndani ya gari na tochi ya simu huku mwenzake akimwaga maji na hosi nje, polepole, akianza chini kwenda juu, hadi tone la kwanza lionekane. Tumezoea kulipia kitu tunachoona kimepakwa na kukataa kulipia kutafuta. Ukimwambia fundi, "Nitakulipa kutafuta hata kama hautabadilisha kitu," utaona anavyokuangalia. Jaribu. Wale wazuri wataweka tyubu chini.

Muuzaji simtetei. Gari linakaushwa jua la siku mbili, linapulizwa manukato hadi macho yanawasha, halafu linaitwa "very clean." Ukienda kuangalia konvatibo, nenda siku ya mvua au uende na chupa za maji. Usiguse kapeti juu tu. Chini yake kuna sponji inayokaa na maji majuma kadhaa huku juu kumekauka. Inua, bonyeza kwa kidole gumba. Angalia kutu kwa bolti za viti. Angalia chini ya kapeti ya buti. Kwa magari mengi wayaring na soketi hupita huko chini, nyingine za eabegi, kwa hivyo si mambo ya harufu peke yake. Na ukiona mstari mnene wa silikoni kando ya dirisha, usiambiwe "ilishatengenezwa." Huo ni ushahidi kwamba inavuja na mwenyewe anajua.

Rafiki yangu amerudi kazini, kioo kimesogezwa, matundu yako wazi, na kila Ijumaa anafagia maua nyuma ya paa kama mtu wa kanjo. Bado kuna harufu kidogo ukifunga madirisha, kwa sababu ile sponji ya chini itabidi abadilishe.

Na wewe wa video ya sekunde 40, unajijua, ile ya "hack" yenye muziki wa amapiano: gari lile lile, dirisha lile lile, lirekodi Aprili saa kumi jioni mvua ikinyesha. Usikate. Inua kapeti mbele ya kamera. Nitaishea mimi mwenyewe.