KUKATA KAMIONETI YA ZAMANI, NI KUIHARIBU?



Tangu juma mbili kuko picha moja imebandikwa katika nyumba yetu ya kulala, juu ya kitanda cha ndugu mmoja wa darasa la tano. Ni kamioneti ya Ford, ile Model A iliyotengenezwa Marekani tangu 1928 hata 1931. Lakini haifanani na ile iliyotoka kiwandani. Mabati ya kufunika magurudumu yameondolewa, kichwa kimekatwa na kushushwa, moteri iko wazi, watu wote wanaiona. Mabishano yakaanza palepale. Wengine: "Bameharibu kitu ya bazee!" Wengine: "Wacha, iko muzuri sana!" Kelele ikapita saa ya kuzima taa, na mimi kapita wenu nikapashwa kuwanyamazisha. Usiku ule sikutoa maoni yangu. Nayatoa sasa.

Motokari ya namna ile inaitwa hotirodi. Ilianza kule California. Mbele ya vita ya pili ya dunia, vijana wasiokuwa na feza ya kununua motokari mpya ya mbio walinunua Ford nzee kwa bei ndogo, wakaokota vipande mahali pa kutupia vyuma, wakaondoa kila kitu kizito kisicho na lazima. Kisha walikwenda katika jangwa la Mojave, kwenye maziwa yaliyokauka ya Muroc na El Mirage, ambako chini ni tambarare na ngumu, kupima mbio. Mwaka 1937 waliunda shirika lao, Southern California Timing Association, lenye saa za kupimia na sheria.

Moteri ya Model A ina silinda 4 na nguvu ya farasi 40. Mwaka 1932 Ford ilitoa V8, silinda 8, farasi 65, na hata mtu wa kawaida aliweza kuinunua. Zile V8 zilipoanza kugongwa na kutupwa, vijana walizitoa wakazitia katika Model A. Njo siri yote.

Hapa lakini wale wanaosifu picha wananichokesha vilevile. Wanaangalia moteri tu! Mimi nauliza breki. Breki za Model A zinavutwa kwa vyuma virefu kutoka kwenye pedali, na Ford haikutia breki za mafuta mpaka motokari za 1939. Basi fundi wa kweli, mbele ya kuongeza farasi, anatafuta breki za 1939 ao za nyuma yake, anazifunga. Ile kazi haionekani katika picha, hakuna mtu ataipigia makofi. Wako wengine waliokimbizana usiku katika njia za mji, raia wakalalamika sana. Ilikuwa lazima mwaka 1951 Wally Parks aanzishe National Hot Rod Association, kusudi mbio zitoke barabarani ziende pahali pake, na kila motokari ichunguzwe kwanza. (Najua mtasema: kapita amerudi tena kwa sheria zake. Ndiyo, nimerudi.)

Na wale wanaosema wameiharibu? Wana haki nusu. Ukikuta kamioneti nzima, mabati yake yote, moteri yake ileile, usiguse msumeno. Itengeneze ginsi ilivyokuwa. Lakini kamioneti ilikuwa mtumwa wa shamba: ilibeba kuni, nyasi, nguruwe, mpaka ikafa. Ile ambayo kutu imekula chini yake, unaichungia nani? Tena hotirodi ya asili haipokei kipande chochote. Wenye kuijenga wanatafuta vitu vya wakati ule, hata mwanzo wa miaka ya 1960, si zaidi. Mtu asiyejua motokari ya kale hawezi kuikata vizuri.

Nyuma ya atelye yetu kuko kamioneti inayolaliwa na kuku. Nasikia itauzwa kwa kilo, kama chuma. Naomba wakubwa wetu wangoje. Sisemi tukate kichwa chake, wala hatuna feza ya kuifufua yote. Lakini wale wanaojifunza ufundi wanachora breki ubaoni miaka yote bila kufungua hata moja, na pale ziko nne. Waanze nazo. Sisi wa darasa la mwisho tutaondoka mbele haijatembea, si kitu.

Watajibu kwamba wanafunzi wenyewe ndio walioimaliza kwa kuiba vipande. Ni kweli. Kioo cha kuangalia nyuma, upande wa shofere, nilikichukua mimi nilipokuwa darasa la pili, na mpaka leo najitazamia nikichana nywele. Siku ya posho nitakipeleka kwa mwenye ufunguo wa atelye. Wenye taa na kofia ya radiateri wanajulikana. Sitaandika majina yao katika namba hii.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita