Waya wa Kengele ya Moto Usiwe wa Kwanza Kuungua

Ndugu wasomaji, nanyi wakubwa zetu mliokwisha kumaliza masomo, naomba nafasi kidogo niseme juu ya kitu kinachosahauliwa kwa sababu hufichwa darini, nacho ni waya wa kengele ya moto.

Hapa Gisenyi majengo yanaongezeka kila mwaka: hoteli za kando ya ziwa, maduka, mabweni ya shule. Mwenye jengo hupenda kuwaonyesha wageni kengele nyekundu iliyo ukutani na taa iliyo juu ya mlango wa kutokea. Ni vyema. Lakini kengele ni mdomo tu, na koo lake ni waya. Koo likiungua, mdomo hausemi.

Tusidhani kwamba habari za moto ni za watu wa mbali. Julai 2014 moto uliwaka katika gereza la Nyakiriba, katika wilaya hii yetu ya Rubavu. Katika nchi jirani ya Burundi, alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021, gereza la Gitega liliungua na watu 38 wakafa; Wizara ya Mambo ya Ndani ilisema chanzo ni hitilafu ya umeme. Saa ile watu wengi huwa usingizini, na mtu aliyelala hawezi kuona moshi. Sharti aamshwe kwa sauti. Sisi wa bwenini tulijue jambo hili kuliko wengine.

Sasa tutazame waya wenyewe. Waya wa kawaida wa nyumbani umevikwa plastiki iitwayo PVC, ambayo imetengenezwa kuvumilia joto la digrii 70 katika kazi yake ya kila siku. Chumba kilichoshika moto sawasawa hupita digrii 600. Plastiki hulainika na kuungua, nyaya za ndani hugusana, fyuzi hukatika, na kengele hunyamaza. Tena moshi wa plastiki hiyo una gesi ya asidi inayochoma macho na mapafu. Basi chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya moto huuawa na moto ule ule.

Hapa hapana budi kupambanua mambo mawili, kwa maana wanunuzi wengi huyachanganya. Dukani mtu ataambiwa, "Waya huu haushiki moto." Amwulize mwuzaji, "Hauenezi moto, au unaendelea kufanya kazi ndani ya moto?" Waya usioeneza moto hupimwa kwa kanuni ya kimataifa IEC 60332. Moto wa nje ukiondolewa, nao hujizima. Ni jambo jema, lakini waya huo haukuahidi kupitisha umeme wakati unaungua. Waya wa pili hupimwa kwa kanuni ya IEC 60331. Huwekwa katika miali ya moto huku umeme unapita, na sharti uendelee kuupitisha mpaka muda wa kipimo uishe. Huu wa pili ndio wa kengele.

Umewezaje kustahimili? Katika namna moja, shaba ya ndani imezungushiwa utepe wa mika, ambayo ni madini yasiyoungua. Katika namna nyingine imevikwa mpira wa silikoni, ambao ukiungua huacha jivu lisilopitisha umeme, nalo huendelea kuzitenga nyaya. Namna ya tatu ni bomba jembamba la shaba nyekundu lililoshindiliwa unga wa oksidi ya magnesi, na shaba hiyo haiyeyuki mpaka joto lifike karibu digrii 1,085. Nyaya za kengele mara nyingi huwa na rangi nyekundu, lakini rangi si shahada, kwa kuwa kiwanda chochote chaweza kupaka plastiki rangi. Fundi asome maandishi yaliyopigwa juu ya waya, naye mwenye jengo aombe karatasi ya vipimo.

Najua mtu atasema, "Kijana, waya huo ni ghali, na shule zetu hazina fedha." Neno hilo ni la haki. Lakini mimi sitaki jengo zima litiwe waya huo. Taa za kusomea na soketi zibaki na waya wa kawaida uliofungwa vizuri. Waya wa kustahimili moto ni wa vitu vinavyotakiwa kufanya kazi baada ya moto kuanza: kengele, pampu ya maji ya kuzimia moto, feni za kutoa moshi. Taa ya dharura iliyo na betri yake ndani haiuhitaji, kwa sababu umeme ukikatika, hapo ndipo inapowaka. Lakini taa zinazotegemea betri moja kubwa iliyo chumba kingine zinauhitaji.

Tena muda uchaguliwe kwa akili. Kanuni ya Kiingereza ya kengele za moto, BS 5839, hutaja daraja mbili, ya dakika 30 na ya dakika 120. Bweni la ghorofa moja ambalo watu wote hutoka mara moja halilingani na jengo refu ambalo watu huondolewa sehemu kwa sehemu. Anayenunua daraja kubwa pasipo haja hupoteza fedha ambazo zingetengeneza mlango wa pili.

Jambo jingine ni vibanio. Aprili 2010, mjini Southampton, Uingereza, wazima moto wawili walikufa katika jengo la Shirley Towers. Nyaya zilikuwa zimeshikwa na mifereji ya plastiki. Plastiki ikayeyuka, nyaya zikaanguka na kuwanasa. Tangu 2018 kanuni za huko zataka nyaya za jengo zima zishikwe kwa namna ambayo hazitaanguka mapema katika moto. Waya mzuri juu ya kibanio cha plastiki ni kazi bure. Nasi tunaoishi chini ya Nyiragongo, tuliotikiswa na matetemeko ya Mei 2021, tuna sababu zaidi ya kutaka vibanio vya chuma.

Wengine watanikumbusha shule ya Kyanguli, Kenya, ambako wavulana 67 walikufa Machi 2001 katika moto uliotiwa kwa makusudi, na mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa. Watasema, "Waya ungefaa nini?" Nakubali: mlango uliofungwa hushinda kengele yoyote. Lakini mlango ulio wazi nao haumfai mtu ambaye hakuamshwa. Vyote viwili vyatakiwa, na kimoja kisiwe udhuru wa kukosa kingine.

Wakubwa zetu, miongoni mwenu wamo mafundi, wahandisi na wajumbe wa kamati za ujenzi. Mkiitwa kupokea jengo jipya, kabla ya kutia sahihi, ombeni dari lifunguliwe, mkaulize maneno matatu: Waya wa kengele umepimwa kwa kanuni gani? Utadumu dakika ngapi? Umeshikwa na nini? Fundi aliyefanya kazi yake vema atajibu mara moja. Akishindwa kujibu, msitie sahihi.