Nani alisema desturi inakataza?

Hapa Butembo na kule Beni tunasikia watu wenye masomo wakisema: «Kwetu Wanande, mdogo hamwambii mkubwa kosa lake. Ni desturi.» Sisi tunakataa. Wanaosema vile wamesahau kyaghanda.

Kyaghanda ilikuwa nini? Ni baraza la wanaume wa kijiji, pembeni ya moto. Pale wazee walifundisha vijana na kukata maneno ya watu. Mwenye kosa alikuwa anakaa pale pale, anasikia, anajibu. (Mama zetu hawakukaa pale, na hilo hatulisifu.)

Tuangalie sasa shule zetu. Mkubwa anaingia darasani, anaketi nyuma, anaandika, anaandika. Mwisho anasema: «Sawa, mwalimu», anaenda. Mwaka mmoja tulipata fishi yenye neno moja tu: «Vizuri». Vizuri nini? Ubao? Maulizo? Mifano? Mwenzetu mwingine alikosolewa mbele ya wanafunzi juu ya tarehe aliyoandika vibaya. Mwezi mzima watoto walimcheka. Na sisi tulinyamaza. Juu ya nini? Walimu wengi wa sekondari hawalipwi na Serikali, wanaishi kwa mchango wa wazazi. Ukimgusa prefe, kesho utakula nini? Ule ni woga wa njaa, tusiupe jina la desturi.

Tena si sisi watakatifu. Mwanafunzi akisema hajaelewa, tunamjibu: «Husikilizi!»

Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa, wengi wao huku kwetu Kivu Kaskazini. Familia ziliuliza: mfuko huu wa maiti umefungwa, tutajuaje kama ndani ni mtu wetu? Ilikuwa rahisi kuwaita wajinga. Lakini wavolonteri wa Msalaba Mwekundu waliandika maneno yale, wakayafikisha kwa wakubwa, na mifuko ya kuonekana ndani ikaletwa. Kumbe mama asiye na diploma aliweza kurekebisha kazi ya wataalamu.

Basi tunaomba kitu kidogo. Kiisha somo, prefe akae na mwalimu, wawili tu. Aseme ni wapi wanafunzi walipotea, mwalimu naye ajibu, hata aseme kwamba mikutano ya kuanza saa mbili nyuma ya wakati inatuharibia masomo. Fishi itiwe sahihi nyuma ya mazungumzo yale, isiwe mbele.